Deni la Daktari Lopera kwa Jamaa wa Antioquia

Tarehe 10 Septemba mwaka 2024 alifariki dunia mjini Medellín, nchini Kolombia, daktari mmoja aliyeitwa Francisco Lopera. Alikuwa na umri wa miaka 73. Sidhani kama ni wengi miongoni mwetu tulioisikia tanzia hiyo, kwani ulimwengu una mazoea ya kuwalilia wanasiasa na wachezaji kandanda, na kuwaacha wataalamu wazikwe na wanafunzi wao. Lakini huyu alikuwa mtu wa kutajwa. Kwa muda wa miaka arobaini hivi alifuatilia ugonjwa mmoja, katika jamaa wenye asili moja, katika jimbo moja la milimani, na hakuwahi kuuponya. Ninataka kumzungumzia leo, msomaji wangu, kwa sababu ya swali aliloishi nalo mpaka akaingia kaburini: mtafiti anadaiwa nini na watu wanaompa damu yao, majina ya mababu zao na, hatimaye, bongo za wazazi wao?

Kwanza tuelewane kuhusu maradhi yenyewe. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza wenzake mkutanoni katika mji wa Tübingen habari za mwanamke aliyelazwa hospitalini Frankfurt mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka 51. Mwanamke huyo alisahau majina, akamshuku mumewe, na mwishowe akawa hajijui hajitambui. Alipokufa, Alzheimer alivikata vipande vyembamba vya ubongo wake na kuvitazama kwa hadubini, akaona mambo mawili: mabonge yaliyogandamana nje ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Mabonge yale leo tunajua ni ya protini iitwayo beta-amiloidi, na nyuzi zile ni za protini iitwayo tau. Watu wengi huupata ugonjwa huu uzeeni, baada ya miaka 65, na sababu zake ni mchanganyiko wa umri, urithi na hali ya maisha. Lakini wapo wachache, hawafiki asilimia moja ya wagonjwa wote, ambao huupata kwa ajili ya kosa moja tu lililomo katika jeni moja tu. Hao huugua mapema, wangali na watoto wa kusomesha. Na mzazi mwenye kosa hilo humrithisha kila mtoto kwa nafasi ya nusu kwa nusu, kana kwamba kwa kila mimba shilingi inarushwa hewani.

Lopera alizaliwa mwaka 1951 huko Santa Rosa de Osos, katika jimbo la Antioquia, na kukulia Yarumal, mji wa milima na ukungu. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Antioquia mjini Medellín, kisha akajitosa katika maradhi ya ubongo na neva. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa bado mwanagenzi katika fani hiyo, aliletewa mgonjwa kutoka Belmira, mji mdogo ulio kaskazini mwa Medellín. Alikuwa mwanamume ambaye hajatimiza hata miaka 50, naye alikuwa akisahau mambo kama mkongwe. Daktari mwingine angaliandika cheti, akampa dawa ya usingizi na kumwita mgonjwa anayefuata. Lopera aliuliza habari za baba yake mtu huyo. Akaambiwa naye alisahau hivyo hivyo. Akauliza habari za babu. Jibu likawa lile lile. Ndipo alipofunga safari kwenda Belmira kujionea mwenyewe, na mwaka 1987 yeye na wenzake wakachapisha makala kuhusu familia hiyo katika jarida la kitabibu la huko huko Kolombia.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Makala ile ya kwanza haikumfanya mtu maarufu. Ilikuwa ni makala ya Kihispania, kuhusu wakulima wa viazi na wafugaji wa ng'ombe, kutoka nchi ambayo wakati ule ilisifika ughaibuni kwa kokeini na mabomu. Lakini Lopera hakukoma. Alianza kutembea mji kwa mji, na huko Angostura na Yarumal alikozoea tangu utotoni akawakuta wagonjwa wengine. Wenyeji walikuwa na jina lao la ugonjwa huo, la bobera, maana yake upumbavu. Walijua kwamba unafuata damu za watu fulani. Wasichokijua ni sababu. Kuna waliosema kwamba mtu huupata kwa kugusa mti fulani, na wengine wakasema ni laana ya padri aliyekosewa zamani. Familia zikawaficha wagonjwa wao vyumbani, kwani nani angekubali mwanawe aoe katika nyumba yenye upumbavu wa kurithi?

Ndugu msomaji, usiwacheke watu wa Antioquia. Sisi tunaoishi katika nchi ambako wazee wa Kilifi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu ya mvi na macho mekundu tu, hatuna mdomo wa kuwacheka. Nimewahi kuona, katika kijiji nilichokulia, bibi kizee akipatikana alfajiri uani kwa jirani bila nguo. Waliomwona hawakusema kwamba amepotewa na njia ya kurudi kwake. Walisema amenaswa katika safari zake za usiku. Sina njia ya kujua maradhi yake yalikuwa yapi, na wala sitampachika jina la ugonjwa ambao hakupimwa. Ninachokijua ni kwamba hakuna aliyekwenda kwa watoto wake kuwauliza ameanza lini kusahau. Swali hilo rahisi, ambalo Lopera aliliuliza Belmira, lingetosha kumwondolea fedheha.

Kazi ya kuunganisha jamaa hao haikufanywa na Lopera peke yake, na ninaona ni dhuluma kwamba katika simulizi nyingi za sayansi mwenye digrii ndiye hubaki na jina. Muuguzi Lucía Madrigal alikuwa mguu wake wa kulia. Mama huyu alipanda mabasi, akapanda milima kwa miguu, akaketi jikoni na wake za wakulima, akauliza nani alimzaa nani, nani alikufa akiwa na akili timamu na nani alikufa amepumbaa. Daftari za ubatizo, ndoa na maziko zilizotunzwa makanisani zikawa ndizo maktaba yao. Polepole mistari ya familia zilizodhani hazijuani ikaanza kukutana juu, kwa mababu wale wale wa karne ya 18. Baadaye, katika uchunguzi wa chembe za urithi uliotolewa mwaka 2014, ilidhihirika kwamba kosa lile lilitokana na mtu mmoja mwenye asili ya Ulaya, aliyeishi katika zama za utawala wa Wahispania. Mtu mmoja! Leo jamaa wanaohesabiwa katika mti huo wa ukoo ni kiasi cha 6,000, na wanaobeba kosa lenyewe ni kama 1,200. Hakuna mahali pengine duniani ambapo wanajulikana watu wengi kiasi hicho wenye Alzheimer ya kurithi ya aina moja.

Na yote haya yalifanyika vitani. Katika miaka ya 1980 na 1990 Medellín ulikuwa miongoni mwa miji yenye mauaji mengi kabisa duniani. Pablo Escobar aliuawa mwezi Desemba mwaka 1993, lakini bunduki hazikuzikwa pamoja naye. Milimani waasi na wanamgambo waligombea vijiji. Madrigal mwenyewe aliwahi kutekwa na waasi na kushikiliwa kwa siku kadhaa. Aliachiliwa, na akarudi kazini. Kila ninaposikia mtaalamu wetu akilalamika kwamba hawezi kufanya utafiti mashambani kwa sababu gari la idara halina mafuta, huwa ninamkumbuka muuguzi huyu.

Mwaka 1992 Lopera alikutana na Kenneth Kosik, mtaalamu wa ubongo aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipokuja Kolombia kutoa mhadhara. Lopera alimweleza habari za jamaa zake. Kosik alitambua kwamba aliyesimama mbele yake ana hazina ambayo maabara zote za Boston hazikuwa nayo. Lakini ili kuthibitisha kwamba upumbavu wa Antioquia ndio Alzheimer ya vitabuni, ilihitajika hadubini, na hadubini ilihitaji ubongo. Tafakari kazi hiyo. Familia ya Kikatoliki ya mashambani imepoteza mama. Maiti iko sebuleni, mishumaa inawaka, majirani wanasali rozari. Daktari anaingia na kuomba akipasue kichwa cha marehemu, tena aombe haraka, kwani ubongo huharibika saa chache baada ya kifo. Haishangazi kwamba walikuwapo waliokataa. La kushangaza ni kwamba walikuwapo waliokubali, na wakaendelea kukubali, hata hazina ya bongo ya chuo kikuu kile ikafikia mamia. Walikubali kwa sababu aliyeomba hakuwa mgeni. Ndiye aliyekuja mama alipoanza kusahau, akaja alipoacha kusema, akaja alipoacha kumeza.

Wakati huo mbio za kulitafuta jeni zilikuwa zimepamba moto. Mwaka 1991 Alison Goate, John Hardy na wenzao huko London walikuwa wameonyesha kwamba familia moja ya Kiingereza ilikuwa na kosa katika jeni la APP, lililoko kwenye kromosomu ya 21. Mwanamke wa familia hiyo, Carol Jennings, ndiye aliyewaandikia watafiti barua katika miaka ya 1980 na kuwaambia waje wawachunguze jamaa zake, na tangu hapo akawa mtetezi wa wagonjwa mpaka alipofariki mwaka 2024 kwa ugonjwa uo huo. Lakini familia nyingine nyingi hazikuwa na kosa hilo. Alama zao zilielekeza kwenye kromosomu ya 14. Mwaka 1995 timu iliyoongozwa na Peter St George-Hyslop wa Toronto ikalinasa jeni lililotafutwa, ambalo baadaye liliitwa presenilini 1, na katika mwaka uo huo kosa la jamaa wa Antioquia likapatikana humo. Katika nafasi ya 280 ya protini hiyo, mahali panapostahili kukaa asidi-amino iitwayo glutamati, kumekaa alanini. Ni herufi moja tu iliyobadilika katika maandishi ya urithi yenye mabilioni ya herufi.

Herufi hiyo inafanya nini? Presenilini ni sehemu ya mkasi. Kazi ya mkasi huo ni kukata protini nyingine, na mojawapo ya hizo ni ile ya jeni la APP la familia ya Kiingereza. Mkasi ukiwa mzima hukata vipande vifupi ambavyo ubongo huvisafisha. Mkasi wa Antioquia hukata ovyo, ukaacha vipande virefu zaidi vinavyonata na kugandamana. Vipande hivyo huanza kujikusanya miaka mingi kabla mtu hajasahau lolote. Ndiyo maana wanasayansi wengi wakashikilia kwamba amiloidi ndiyo chanzo cha balaa, na kwamba atakayeizuia mapema atakuwa ameuzuia ugonjwa wenyewe. Fikira hiyo imetawala uwanja huu tangu mwaka 1992, na imewameza wapinzani wengi, pengine kuliko ilivyostahili.

Mwaka 1997 Lopera na wenzake walieleza dalili za jamaa hao kwa kinaganaga katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, na miaka ya baadaye wakakokotoa kwamba mwenye kosa hilo huanza kupungukiwa na kumbukumbu akiwa na miaka 44 kwa wastani, na kufikia kiwango cha kutojiweza kiakili akiwa na miaka 49. Zitazame namba hizo kwa jicho la mtafiti, utaona nafasi adimu, kwani hapa unaweza kujua nani ataugua, tena karibu lini, ukampa dawa angali mzima. Zitazame kwa jicho la msichana wa miaka 20 wa Yarumal, uniambie unaona nini.

Naam, hilo ndilo fumbo lililomkaba Lopera koo. Damu ya maelfu ya watu ilipimwa. Majibu yalikuwapo kabatini. Nao watu wenyewe, kwa miaka na miaka, hawakuambiwa. Sababu yake ilikuwa kwamba hakukuwa na tiba, wala nchi haikuwa na washauri wa kutosha waliofunzwa kuwaeleza watu mambo ya urithi. Kumwambia kijana kwamba akili yake itazimika akiwa na miaka 45, kisha umwache apande basi arudi kijijini peke yake, lilionekana kuwa tendo la ukatili, na liliogopewa kwamba lingewasukuma wengine kujiua. Kwa hiyo daktari aliketi nao mezani, akala chakula chao, akabeba watoto wao, huku timu yake ikiwa na uwezo wa kujua yupi kati yao amepata upande mbaya wa shilingi.

Nimeliwazia jambo hili kwa muda mrefu, na msimamo wangu ni huu. Mwanzoni uamuzi ule ulikuwa wa huruma na ulikuwa sahihi. Lakini huruma ikikaa sana bila kuulizwa hugeuka kuwa amri. Vijana wa koo zile walisoma, wakafika mjini, wakaanza kuuliza: hii ni damu yetu, iweje basi habari zake ziwe siri kwetu? Kuna anayetaka kujua kabla ya kuzaa. Kuna anayetaka kujua ili aamue kama akope pesa za kujenga. Na kuna asiyetaka kujua kabisa, naye pia ana haki yake. Katika miaka ya mwisho wenyeji wa kazi ile walianza kuandaa utaratibu wa kuwaambia wanaotaka, kwa ushauri na uangalizi. Ninaona ulichelewa. Hata hivyo simwoni mtu aliyekuwa na haki ya kumtupia Lopera jiwe akiwa ameketi ofisini Ulaya, ambako mshauri yuko mlango wa pili na bima inalipa.

Tumaini kubwa lilikuja mwaka 2013. Kwa ushirikiano na taasisi ya Banner ya Arizona na kampuni ya Genentech, jaribio la dawa iitwayo crenezumab lilianzishwa Antioquia, likiwa la kwanza la aina yake la kujaribu kuuzuia ugonjwa huu kwa watu ambao bado ni wazima na ambao urithi wao unajulikana. Walioshiriki walikuwa 252. Utaratibu wake ulikuwa na busara. Kati yao 169 walikuwa na kosa la jeni, na nusu ya hao walipewa dawa, nusu wakapewa maji yasiyo na dawa. Wengine 83 hawakuwa na kosa, na wote walipewa maji matupu. Kwa hiyo hakuna ambaye angeweza kubashiri hali yake kwa sababu tu ameandikishwa. Kwa miaka mitano hadi minane watu hao walisafiri kutoka milimani, wakachomwa sindano, wakaingizwa kwenye mitambo ya kupiga picha ubongo, wakajibu maswali ya kumbukumbu, hata wakati wa janga la korona. Zaidi ya tisa katika kila kumi walivumilia mpaka mwisho. Wanaofanya majaribio ya dawa watakuambia jinsi uaminifu wa namna hiyo ulivyo haba.

Mwezi Juni mwaka 2022 matokeo yakatangazwa. Dawa haikuwasaidia kwa kiwango cha kuaminika. Tofauti ndogo ndogo ziliegemea upande wake, lakini kwa hesabu za sayansi hizo ni sawa na hakuna. Kampuni ina dawa nyingine, na wanasayansi wa Arizona wana miradi mingine. Aliyebaki na mzigo wa kuzikabili nyuso ni yule daktari mzee mwenye mvi na masharubu, aliyekuwa akiwaambia jamaa hao tangu vijana wao hawajazaliwa kwamba siku moja dawa itapatikana.

Lakini ubongo wa mwanadamu haujaacha kutushangaza, na tunu kubwa kabisa ya Antioquia haikutoka kwa kampuni yoyote. Timu ya Lopera ilikuwa imemgundua mama mmoja ambaye, kwa mujibu wa damu yake, alistahili kuwa amepumbaa katika miaka yake ya arobaini. Alifika miaka ya sabini akijitegemea. Akapelekwa Boston, kwa Yakeel Quiroz, mwanafunzi wa zamani wa Lopera, akapigwa picha za ubongo. Waliyoyaona yaliwaacha midomo wazi. Amiloidi ilikuwa imejaa tele ubongoni mwake, hata kupita wagonjwa wenzake, lakini nyuzi za tau zilikuwa chache. Uchunguzi ukaonyesha kwamba pamoja na kosa la ukoo alikuwa na badiliko jingine adimu mno, tena amelirithi kwa baba na kwa mama, katika jeni la APOE. Badiliko hilo huitwa Christchurch, kwa jina la mji wa New Zealand lilikogunduliwa kwanza. Habari zake zilichapishwa mwaka 2019. Mwaka uliofuata alifariki kwa saratani, akiwa na miaka 77, na ubongo wake, kama alivyotaka, ukabaki kwa watafiti. Mwaka 2023 ikatangazwa habari ya mwanamume wa jamaa hao hao aliyehimili mpaka miaka 67 kwa badiliko la jeni jingine liitwalo relini. Na mwaka 2024, miezi michache kabla ya Lopera kufariki, ilionyeshwa kwamba jamaa 27 wenye nakala moja tu ya Christchurch walichelewa kuugua kwa kiasi cha miaka mitano.

Tazama maana yake. Kwa miaka thelathini wataalamu walikuwa wakiuliza, ugonjwa huu unaletwa na nini? Mama yule, ambaye maisha yake yote aliishi katika mazingira ya kawaida kabisa, aliligeuza swali: nini kinamlinda mtu ambaye tayari amiloidi imemjaa kichwani? Sasa maabara kadhaa zinajaribu kutengeneza dawa itakayoiga kile ambacho maumbile yalimpa yeye bure. Asingejulikana kamwe lau Lopera angalikuwa anawatafuta wagonjwa peke yao. Alijulikana kwa sababu mti wa ukoo uliandikwa wote, wagonjwa na wazima.

Hili ndilo linalonifanya niigeuzie kalamu Afrika. Jeni hilo hilo la APOE lina sura nyingine iitwayo APOE4, ambayo tangu mwaka 1993 inajulikana kuwa huongeza hatari ya Alzheimer ya uzeeni kwa Wazungu. Lakini watafiti wa Ibadan, Nigeria, na wenzao wa Indianapolis, Marekani, waliwafuatilia wazee wa Kiyoruba na wazee Wamarekani weusi, na mwaka 2001 wakatangaza kwamba kwa mwaka mmoja waliopata Alzheimer Ibadan walikuwa asilimia 1.15, na Indianapolis asilimia 2.52. Tena kwa Wayoruba APOE4 ilionekana kuwa na nguvu ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Hapa kwetu pia, katika miaka ya 1990, watafiti wa Nairobi na wenzao wa ng'ambo walichunguza bongo za wazee wa Afrika Mashariki waliofariki wakiwa na akili timamu, na wakakuta amiloidi kwa baadhi yao. Walitulinda nini, wale waliokuwa nayo bila kusahau? Pengine ni chakula, pengine umri tu, pengine ni jeni fulani, ndugu ya lile la Christchurch, lililolala katika damu ya watu wa Nyeri au Siaya bila mtu wa kuliamsha.

Huenda basi siku moja wageni wakaja kututafutia. Watakuja na mirija ya damu na fomu za kutia sahihi. Mimi si miongoni mwa wanaosema wafukuzwe, maana ujinga haujawahi kumwokoa mtu. Ninachosema ni kwamba tuwapime kwa kipimo cha Antioquia. Aliyeomba damu atarudi lini? Nani atakaa na mgonjwa baada ya sampuli kupanda ndege? Mti wa ukoo ukishaandikwa, nakala itabaki wapi? Hazina ya bongo zile ilijengwa Medellín, katika chuo cha umma. Wanafunzi wake walitoka wakasoma Marekani, baadhi wakabaki huko, lakini njia kati ya Boston na Medellín ilikuwa ya kwenda na kurudi. Sisi tumezoea ile ya kwenda tu.

Na tusisahau suala la bei. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha rasmi dawa iitwayo lecanemab, na mwaka 2024 ikafuata donanemab. Zote husafisha amiloidi, na zote hupunguza kasi ya ugonjwa kidogo tu bila kuukomesha. Lecanemab ilipoingia sokoni ilitangazwa kwa dola 26,500 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja, mbali na gharama za picha za ubongo za kuchunguza kama unavuja damu. Ujuzi ulioziwezesha dawa za namna hii kufikiriwa ulichotwa kwa sehemu kubwa katika familia kama zile za Belmira. Mkulima wa viazi wa Belmira ataipata kwa kuuza ng'ombe wangapi? Sijaona mkataba wowote wa kimataifa unaomlazimisha mwenye kiwanda kulijibu swali hilo, na ninadhani lingekuwa jambo la heshima kama lingejibiwa kabla mtu hajaombwa kutoa damu, badala ya baada.

Lopera alifariki kwa saratani ya ngozi iliyosambaa mwilini. Kazi yake imeshikwa na mmoja wa wanafunzi wake, daktari kijana David Aguillón, katika chuo kile kile. Makabati ya bongo yapo, na miti ya koo inaendelea kuongezwa matawi kila anapozaliwa mtoto. Watoto wa wale 252 waliochomwa sindano kuanzia mwaka 2013 sasa wengi wao ni watu wazima, wenye kazi na wachumba. Baadhi yao wameanza kufika kliniki wenyewe, bila kuitwa, kuuliza kama kuna jaribio jingine linaloandikisha watu.